Mvua Ikizidi Dar, Cha Kwanza Kuharibika Ni Maji ya Kunywa

Masika ikikaribia, maandalizi ya Dar es Salaam yanajulikana: viroba vya mchanga mlangoni, godoro juu ya kabati, gari lipelekwe kwa ndugu anayekaa mwinuko. Yote yana maana. Ila kuna kitu kinachoharibika mapema kuliko ukuta na fenicha, nacho ndicho hukumbukwa mwisho: maji ya kunywa. Mtaa unaweza kuzama hadi magotini, na bado ukapita nyumba kumi usipate maji salama ya kujaza sufuria moja. Kipindupindu hupata nafasi hapo.

Ninaandika kwa ajili ya mwenye nyumba na mpangaji wa Tabata, Kigogo, Mbagala, Boko, Msasani Bonde la Mpunga, na kokote ambako maji hutuama. Nataka ukimaliza kusoma uweze kumwita fundi na kumwelekeza kwa vipimo, maana fundi asiyepewa vipimo hufanya kilicho rahisi kwake.

Kwanza tuelewe kwa nini mvua ikinyesha mno bomba hukauka. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hutoka Mto Ruvu kupitia mitambo miwili ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji: Ruvu Juu ulioko Mlandizi, wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, lita milioni 270. Mvua ikipiga milima ya Uluguru na bonde lote la juu, mto hushuka na udongo, majani na magogo. Mtambo husafisha kwa kutia shabu au dawa nyingine ya kugandisha tope. Tope hutuama chini, maji hupita kwenye vichujio vya mchanga, kisha hutiwa klorini. Tope likizidi, dawa huhitajika zaidi, mabwawa ya kutuamisha hujaa haraka, na vichujio huziba na kutaka kuoshwa tena na tena. Kichujio kinachooshwa hakitoi maji. Ongeza umeme: pampu hizo ni kubwa, na laini ikikatika kwa dhoruba hazizunguki. Ongeza pia mabomba yanayokatisha mito na makorongo, ambayo maji ya kasi huchimba udongo chini yake mpaka yaning'inie na kupasuka.

Tatizo kubwa zaidi kwa afya, hata hivyo, liko mtaani kwako. Mabomba mengi madogo yamelazwa juujuu, na mengine yamepitishwa ndani ya mtaro kabisa. Maji yakiwa na msukumo, ufa mdogo hutoa maji nje. Maji yakikatika, bomba hubaki tupu na upande wa bondeni huvuta. Ufa ule ule sasa unaingiza maji ya mtaro. Maji yakirudi, ndoo za mwanzo huja na rangi ya chai na harufu. Kwa hiyo baada ya kila katizo la wakati wa mvua, funga koki inayoingiza maji kwenye tangi, fungua bomba la uani, acha yatiririke mpaka yawe maangavu, ndipo ufungue ya tangi. Unapoteza ndoo kadhaa, lakini unaokoa tangi zima.

Hapa naomba nisisitize jambo moja. Kufunga pampu inayovuta moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ni kujitilia sumu wewe na majirani. Pampu hiyo hunyonya bomba likiwa halina msukumo, na kila ufa uliozama mtaroni unakuwa mlango. Pampu ivute kutoka tangi lako, tangi lijazwe na bomba kwa msukumo wake lenyewe.

Sasa tuje kwenye maji ambayo katika masika yanakufikia yakiwa masafi kuliko yote, nayo ni ya paa lako.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa linapimwa kwa eneo linalofunika ardhini, mteremko hauhesabiwi. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 50, ambayo Dar huweza kuishusha kwa siku moja bila kushangaza mtu, inaangusha lita 4,000 juu yake. Ondoa zinazorukia nje na zinazomwagwa mwanzo, utabaki na kama 3,200. Mwezi wa Aprili peke yake kwa wastani hupita milimita 200, yaani zaidi ya lita 12,000 kwa paa hilo hilo, sawa na madumu 600 na ushee ya lita 20. Familia ya watu watano wakitumia lita 40 kila mmoja kwa siku, hiyo ni akiba ya miezi miwili. Na jiji hili ndilo lililokuwa kwenye mgao mkali Oktoba na Novemba 2022 kwa sababu Ruvu ilikauka. Bwawa la Kidunda linajengwa Morogoro ili kuhifadhi lita bilioni 190 za mto huo kwa siku kama zile. Nyumbani hatuwezi kusubiri bwawa.

Kabla ya chochote, angalia paa lenyewe. Bati la kawaida au lenye rangi ya kiwandani linafaa, na vigae pia. Makuti hayafai kwa maji ya kunywa. Paa la zamani la asbesto lililoanza kumeguka liache, usilikwangue wala kulipiga msasa. Ukipaka paa rangi upya, mvua za mwanzo zote ziende chini.

Gata ndiyo sehemu inayofanywa vibaya kuliko zote. Makosa ni matatu. La kwanza ni mteremko: fundi akiifunga sawasawa kabisa ili ipendeze, maji hutuama, majani huoza humo, mbu huzaliana. Mpe sentimita 1 kwa kila mita 2, yaani gata ya mita 10 ishuke sentimita 5 kuelekea bomba. La pili ni vishikio kukaa mbalimbali. Gata ya plastiki hulegea kwa jua letu na kuvunjika siku ya mvua kubwa, siku ile ile unayoihitaji. Weka kishikio kila sentimita 60, na kingine karibu na kila kiungio. La tatu ni bomba dogo la kushushia. Kanuni ninayoiamini: kila mita 1 ya mraba ya paa itengewe sentimita 1 ya mraba ya tundu la bomba. Bomba la inchi 4 lina takriban sentimita za mraba 80, kwa hiyo linatosha paa la mita 80 na si zaidi. Mvua ya kasi ya milimita 100 kwa saa, hata ikidumu dakika kumi tu, inaleta zaidi ya lita 2 kila sekunde kutoka paa hilo. Ukiweka bomba la inchi 2, maji yatafurika juu ya gata, yaloweshe fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, na kuingia darini.

Mvua ya nguvu pia huruka gata isiguse. Dawa yake ni rahisi: ncha ya bati iingie sentimita 3 hadi 5 juu ya gata, na upande wa nje wa gata ukaongezewe ukanda wa bati uliosimama, hasa pale mabonde mawili ya paa yanapokutana na kumwaga kwa pamoja.

Kinachofuata ndicho watu wengi hukiruka, na ndicho kinachotenganisha maji ya kunywa na maji ya kudekia. Maji ya kwanza ya kila mvua huosha paa. Dar ina kunguru wengi mno, ina vumbi la barabara za vumbi, ina miembe na miarobaini inayoangusha majani mwaka mzima. Vyote vinashuka na lita za mwanzo. Unahitaji mahali pa kuzitupa bila wewe kuamka usiku kugeuza bomba.

Kiasi cha chini cha kutupa ni nusu lita kwa kila mita ya mraba; kwa paa letu ni lita 40. Kama kuna mti juu ya paa au unakaa kando ya barabara ya vumbi, fanya 80. Chukua bomba la PVC la inchi 6, ambalo hubeba karibu lita 18 kwa kila mita ya urefu. Urefu wa mita 2.2 unatoa lita 40. Lisimamishe wima ukutani chini ya tii, kiungio chenye midomo mitatu: maji yanashuka kutoka gata, yanafika kwenye tii, yanaanguka kwanza ndani ya bomba hili la wima lililozibwa chini. Likijaa, maji hayana pa kwenda isipokuwa kupitia tawi la pembeni kuelekea kwenye tangi. Bomba la inchi 4 nalo hufanya kazi, ila linabeba kama lita 8 tu kwa mita, kwa hiyo utahitaji karibu mita 5, na ukuta wa nyumba ya kawaida haufiki. Kizibo cha chini kiwe cha kufungua kwa mkono, na kitobolewe tundu la milimita 3. Kupitia tundu hilo bomba hujimwaga lenyewe kwa saa moja hivi baada ya mvua, likawa tayari kwa mvua inayofuata. Bila tundu, maji machafu ya juzi yatabaki humo na mvua ya leo itapita moja kwa moja na uchafu wake. Tundu huziba, fungua kizibo na usafishe kila wiki wakati wa masika.

Hata ukiwa na mtambo huo, mvua ya kwanza ya vuli baada ya kiangazi kirefu iache yote. Chomoa bomba la kuingia kwenye tangi, osha gata, rudisha mvua ya pili.

Nyumba nyingi za Dar zina simtanki juu ya mnara, juu kuliko paa. Maji ya gata hayapandi. Kwa hiyo unahitaji tangi la pili chini, mdomo wake ukiwa chini ya gata, kisha pampu ndogo ipandishe. Simtanki ya lita 5,000 ina urefu wa kama mita 2, na gata ya nyumba ya kawaida iko mita 2.7 au 3, hivyo una nafasi ya kuliinua tangi juu ya kitako cha sentimita 40 hivi. Kitako hicho usikionee ubahili: lita 5,000 ni tani 5. Kiwe cha zege juu ya udongo ulioshindiliwa, bapa kabisa, kipana kuliko tangi kwa sentimita 10 kila upande. Tangi la plastiki likikaa juu ya mbao zenye mapengo au kokoto, kitako chake hupasuka taratibu. Na kama mtaani maji ya mafuriko hufika sentimita 50, kitako kipite hapo, maana koki iliyozama ni koki chafu.

Bomba la kufurikia lilingane na la kuingizia. Inchi 4 ikiingia na inchi 1 ikitoka, maji yatatafuta njia kwenye mfuniko na kumwagika kwenye kitako, yachimbe udongo, na tani 5 zianze kulala upande mmoja. Yapeleke mbali na msingi wa nyumba, wala usiyaelekeze kwa jirani. Kila tundu liwe na wavu wa mbu wa matundu madogo: mbu wa dengue hupenda maji masafi yaliyotulia, na jiji hili limeshapata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019.

Maji haya yanafaa kupikia, kuogea na kufulia yalivyo. Ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja, au yatiwe klorini kwa kipimo nitakachoeleza mbele.

Tangi la chini ya ardhi ni habari nyingine, nami nalihofia kuliko yote. Wengi hulitegemea kwa sababu hupokea maji ya bomba hata msukumo ukiwa mdogo. Lakini ndilo la kwanza kuchafuka.

Uchafu huingia kwa njia nne. Mfuniko ulio sawa na sakafu ya uwanja, hasa ule wa bati lililolaliwa na jiwe, hupokea maji yote ya uani. Jenga shingo ya tofali au zege ipite alama ya juu kabisa ambayo mafuriko yamewahi kufika, uongeze sentimita 30. Alama hiyo utaiona ukutani, au waulize majirani wa siku nyingi. Wanaokumbuka mvua ya tarehe 20 Desemba 2011, iliyowafanya watu wa bonde la Msimbazi kuhamishiwa Mabwepande, watakuonyesha kwa kidole. Mfuniko ufunike shingo kwa nje na kushuka ubavuni, usikae ndani yake. Njia ya pili ni bomba la hewa: lipinde juu liangalie chini, liwe refu kuliko shingo, na lifungwe wavu. Ya tatu ni bomba la kufurikia lililounganishwa na mtaro. Mtaro ukijaa, maji yanarudi nyuma hadi ndani ya tangi, na hakuna anayeona. Ama liishie wazi juu ya alama ya mafuriko, ama liwekewe valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, na valvu hiyo ikaguliwe kila mwaka kwa sababu mchanga huizuia isifunge.

Njia ya nne ni ufa, nao hujificha. Kupima ni hivi. Kiangazi, jaza tangi, funga kuingia na kutoka, weka alama ukutani, subiri saa 24. Maji yakishuka, kuna ufa. Masika, funga hivyo hivyo; maji yakipanda bila mtu kufungulia, basi maji ya ardhini yanaingia, na katika mitaa iliyobanana maji ya ardhini ni mchanganyiko na vyoo. Tangi linalojaa lenyewe halina baraka yoyote. Litumie kwa kudekia na kusukumia choo tu mpaka kiangazi, kisha limwage, likauke, upanue ufa kwa patasi, uzibe, upige lipu ya sementi 1 kwa mchanga 3 yenye dawa ya kuzuia maji, na niru, yaani sementi tupu iliyokorogwa na maji, juu yake. Kuziba ukuta unaotiririka maji ni kupoteza sementi.

Kama tangi ulilozika ni la plastiki, usiliache tupu wakati wa masika. Udongo ukishiba maji, tangi tupu la lita 5,000 husukumwa juu kwa nguvu inayokaribia tani 5, likang'oa mabomba na kupasua sakafu. Liwe limejaa walau zaidi ya nusu muda wote wa mvua. Vivyo hivyo kwa tangi la choo la plastiki.

Kuhusu vyoo sitazunguka. Kutapisha choo mvua inaponyesha ni kumlisha jirani kinyesi, na Mto Msimbazi hauondoi chochote: wa Vingunguti anakifungulia, wa Kigogo anakipokea, wa Jangwani anakikuta sebuleni. Gari la kunyonya majitaka liitwe Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, wakati njia zinapitika na udongo ni mkavu. Wakati udongo umeloa usinyonye shimo lote hadi chini. Kuta za shimo lisilojengewa huanguka ndani, na tangi jepesi huelea. Chemba zote ziwe na mifuniko iliyopigwa sementi, zikiwa juu ya uwanja. Nyumba iliyo bondeni iwekewe valvu ya kuzuia majitaka kurudi kwenye bomba linalotoka bafuni. Bila hiyo, tundu la sakafu ya bafu ndilo mahali pa kwanza majitaka yatakapotokea.

Viwango vya misaada ya dharura vinataka choo kikae mita 30 kutoka kisima, na kitako cha shimo kiwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 20 huwezi kuzipata hizo mita 30, achilia mbali choo cha jirani nyuma ya ukuta. Kwa hiyo maji ya kisima kifupi mjini yahesabiwe si ya kunywa bila kutibiwa, hata yawe maangavu kiasi gani, na baada ya mafuriko yasitumiwe kwa chakula kabisa mpaka kisima kivutwe, kisafishwe na kitiwe klorini.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa viwango vitatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Ukisikia angalizo kwa Dar es Salaam na Pwani, jaza madumu. Kiwango cha chini cha kuishi ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Watu watano kwa siku tano ni lita 375, yaani madumu 19. Yakae juu ya meza au kitanda cha chuma, yamefungwa. Usipime hatari kwa mvua inayonyesha kwako. Msimbazi hupokea maji ya vilima vya Pugu, na bahari ikijaa pale Daraja la Salender, mdomoni mwa mto, mto haupati pa kumwaga. Jangwani inaweza kufurika wakati Jangwani penyewe jua linawaka. Maji yakianza kuingia uani, zima swichi kubwa ya umeme ukiwa bado umesimama pakavu, chomoa pampu, na funga koki zote za tangi. Swichi ikiwa imeshazingirwa na maji, usiiguse. Ondokeni, na wapigieni TANESCO wakate kutoka kwenye nguzo.

Maji yakishuka, kazi ya tangi lililoingiliwa ni hii. Limwage lote. Kabla mtu hajaingia ndani ya tangi la ardhini, lifunguliwe saa kadhaa, na nje abaki mtu wa pili ameshika kamba iliyomfunga aliye ndani. Pampu ya petroli isiwashwe ndani wala kwenye mdomo wake, kwa sababu moshi wake hauonekani vizuri na unaua kwa dakika chache. Ondoa tope kwa koleo na ndoo, sugua kuta na kitako kwa brashi na sabuni, suuza, mwaga tena.

Kisha klorini. Jaza tangi robo, nyunyiza gramu 80 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 kwa kila lita 1,000 za ujazo wote wa tangi, halafu malizia kujaza ili ichanganyike. Tangi la lita 5,000 litachukua gramu 400. Ukikosa unga, tumia jiki isiyo na manukato wala rangi: kama lebo inasema asilimia 3.5, weka lita 1.5 kwa kila lita 1,000. Jiki ya zamani iliyokaa juani imeshapungua nguvu, nunua mpya. Usichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, hutoa gesi inayochoma mapafu. Vaa glovu, na mtu asiingie tena ndani. Fungua kila bomba la nyumba mpaka usikie harufu ya klorini, ili mabomba nayo yasafike, kisha funga na uache saa 24. Siku ya pili mwaga yote kidogo kidogo, mbali na bustani na mifugo, jaza maji mapya.

Kwa maji ya kunywa kipimo ni kidogo mno. Jiki ya asilimia 3.5, mililita 1 kwenye dumu la lita 20 la maji maangavu, mililita 2 kama yana ukungu. Tumia bomba la sindano la duka la dawa, lisilo na sindano. Tikisa, subiri dakika 30. Yawe na harufu ya mbali ya klorini. Kama haipo kabisa, rudia kipimo kile kile na usubiri tena. Vidonge na dawa ya maji ya WaterGuard fuata maelezo ya pakiti. Maji ya boza kwenye simtanki ya lita 1,000 yanahitaji kama mililita 60 za jiki hiyo, maana hujui boza lilichota wapi. Maji yenye tope yasitiwe klorini kwanza: tope huimaliza dawa kabla haijaua kitu. Yaache yatuame usiku kucha, au zungusha shabu kidogo ndani ya ndoo mpaka tope lianze kugandamana, mimina ya juu kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, ndipo uyatibu. Dumu lenyewe lioshwe ndani kwa mchanga safi na sabuni kabla ya kujazwa, na maji yatoke kwa kumiminwa. Kikombe kilichoshikwa na mikono mingi kikizamishwa mara moja tu, unaanza upya.